Anwani Isiyo ya Mutu

Mama mukwe wangu alikuja kwenye mafunzo ya kompyuta ya parokia kwa sababu moja tu: alitaka kumuandikia mwanaye aliye Ulaya, bila mutu mwingine kusoma maneno yake. Aliacha shamba lake kule Kalehe, akafikia kwetu Ibanda, mjini Bukavu. Mwalimu nilikuwa mimi. Kwetu mukwe na mama mukwe hawaangaliani machoni ovyo, kwa hiyo nilikuwa nafundisha nikitazama ukuta.

Karatasi za mazoezi niliziandika mwenyewe. Kitabu nilichosomea kilitumia example.com kila mahali. Hiyo ni anwani ya intaneti iliyotengwa kwa mifano na majaribio. Hakuna anayeweza kuinunua, na ukiifungua unakuta maneno machache tu, basi. Mimi na kichwa changu kigumu nikaona haina ladha. Nikabuni yangu, jina tamu la kikundi cha bamaman, yaani kina mama, na .com nyuma. Rafiki yangu wa kazi akauliza, "Papa, hiyo iko ya nani? Umeangalia?" Nikamucheka. Nani angehangaika kununua jina la bamaman wa Bukavu?

Kumbe kuna mutu alikuwa amelinunua zamani.

Siku ya mazoezi projekta ilikuwa imewashwa, padiri amekaa mbele. Nikamuomba mama mukwe aanze, kwa kujivunia tu, wenzake waone mukwe wake anajua kufundisha. Alichapa ile anwani yangu herufi moja moja, akabonyeza. Ukuta muzima ukajaa watu uchi. Mungu wangu! Bamaman wakapiga kelele, padiri akainamisha kichwa, nami nikapapasa waya nisijue upi wa kuchomoa.

Picha ilipozimika, mama mukwe akasimama. "Munisamehe," akasema. "Ni mimi muzee nimekosea kuandika."

Hakukosea. Nilikuwa nyuma yake, niliona kila herufi. Na yeye alijua hivyohivyo, maana karatasi ilikuwa mukononi mwake. Mwanaume muzima, mwalimu, nikamuacha mama wa muke wangu abebe aibu yangu mbele ya parokia. Nikikumbuka, uso unaniwaka moto hata niwe peke yangu.

Wenzake walimutania hadi mulangoni: "Maman, utatufungulia na kesho?" Hakurudi tena. Maneno yake kwa mwanaye bado yanapitia simu ya muke wangu.

Niliandika karatasi upya, sasa kwa example.com, nikamupelekea sebuleni kwa mikono miwili. Akaisoma taratibu.

"Hii nayo iko ya nani?"

"Haiko ya mutu, maman. Waliiweka pembeni juu ya wenye kujifunza, wasikutane na mabaya."

"Wameiweka juzi?"

"Hapana, maman. Ilikuwako tangu zamani."

Akaikunja karatasi. Kisha akainua uso, akaniangalia machoni.

"Sasa, mukwe wangu, juu ya nini haukunituma huko?"