Maksi Niliyoikataa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu nisiyekuzaa, tuko Riyadh mimi na marehemu baba yangu, tumekaa kwenye viti vya ubalozi wa Italia, na kiyoyozi kinatetemesha watu. Tulikuwa tumetoka Jeddah kwa basi. Mama alitufungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa, na baba alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, ile ambayo hakuivaa ovyo.

Sisi, kama unavyojua, ni watu wa Unguja. Babu alihama na wanawe baada ya Mapinduzi, na mimi nikazaliwa Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, nikakua nasema Kiswahili ndani na Kiarabu nje. Baba alikuwa mtunza ghala wa mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari, Ami Saleh, ambaye ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini wetu katika nchi ile. Ikama zetu zote, vile vibali vya kuishi, ya baba, ya mama na yangu, zilikuwa chini ya jina lake. Mimi nilitaka kusomea ufamasia. Siku zile nafasi za vyuo vya huku kwa watoto wa wageni zilikuwa chache mno, seuze kwa msichana. Mwalimu wangu wa kemia ndiye aliyeniambia kwamba Italia kuna vyuo vinavyopokea wageni na kuwapa bweni na chakula, maadamu wanafaulu.

Basi tukaitwa dirishani. Yule bibi wa ubalozi alikuwa na miwani na sauti ya upole. Akaniuliza kwa Kiarabu, "Kwa nini unataka kusoma Italia?" Nikamtazama baba. Akaniuliza, "Utaishi na nani?" Nikamtazama baba tena. Baba hakunisaidia hata kidogo. Aliikodolea macho ramani iliyotundikwa ukutani, kana kwamba amepoteza kitu humo ndani. Nikajikaza, nikajibu, na mwishowe nikajibu vizuri. Viza ikatoka.

Nilidhani tukitoka nje atanipongeza. Tulipofika kivulini akasimama.

"Zuwena," akasema, "yule bibi alikuuliza wewe, ukanitazama mimi. Huko unakokwenda, ukinitafuta kwa macho utaniona wapi?"

Nikaanza kuutengeneza mtandio wangu.

"Sikugombezi," akasema, ingawa alikuwa ananigombeza. "Nataka ujue tu kwamba ulimi unao."

Kisha akaninunulia juisi ya embe, tukarudi Jeddah, na jambo lile hakulitaja tena.

Mji nilioenda ni mji wa vilimani, wa ngazi nyingi na kengele nyingi. Jina lake niache nisilitaje, nisije nikamwaibisha mtu. Bwenini nilipangwa chumba kimoja na msichana anayeitwa Rosaria, mtoto wa kusini kabisa mwa Italia, mwenye sauti ya kuita watu waliopo ng'ambo ya bonde. Wenyeji wa mji walimcheka matamshi yake kama walivyonicheka mimi yangu. Labda ndiyo maana tulipatana. Sufuria yangu aliifunga utepe mwekundu kwenye mpini, akatangaza jikoni kwamba atakayetia nguruwe humo atamjua yeye ni nani. Likizo moja nilisafiri naye kwa treni mpaka kwao, safari ya kutwa nzima, bahari upande mmoja na milima upande mwingine. Mama yake akautazama mtandio wangu, akanishika mashavu, akasema mama yake mzazi alijifunga vivyo hivyo mpaka alipofariki. Siku ile nililala kama niliyelala kwetu.

Sasa nikueleze mitihani ya kule ilivyo, maana huenda nawe ikakukuta. Mingi ni ya mdomo. Unakaa mbele ya profesa, wenzako wamekaa nyuma wanakusikiliza, na ukimaliza profesa anakutajia maksi hapohapo. Maksi ya juu ni thelathini, ya kufaulu ni kumi na nane. Na una haki moja ambayo wanafunzi wengi wageni hawaithubutu: ukiona maksi hukuridhika nayo, unaweza kuikataa, ukarudi kikao kijacho ukaulizwa upya. Lakini ukiikataa, hupati kitu. Ya kwanza imekwenda.

Mwaka wa pili nikaingia kwenye mtihani wa kemia, somo ambalo kwalo nilijiona simba. Profesa alikuwa mzee mnene, mstaarabu, mwenye tabasamu. Swali la kwanza nikalijibu lote. La pili nililijua pia, ila maneno ya Kitaliano yalikuwa yanakuja polepole, nikawa nayapanga kichwani kabla ya kuyatoa. Akaniinulia mkono.

"Inatosha, binti. Kwa mtu aliyetoka kwenu umejitahidi sana. Nakupa kumi na nane, nenda ukapumzike."

"Profesa, sijamaliza kujibu."

"Hakuna haja," akasema, na wallahi alisema kwa wema. Alikwisha kufunua kalamu.

Mwanangu, mtu akikutukana unajua la kufanya. Mtu akikuhurumia unababaika. Nikageuza macho pembeni kama anayetafuta mtu, nikaona ukuta mweupe na dirisha. Hapo nikazinduka. Nikamrudishia macho profesa.

"Ahsante," nikamwambia, "lakini kumi na nane siichukui. Nitarudi."

Nyuma yangu nilisikia mtu akivuta pumzi. Profesa akaweka kalamu chini, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nikae. "Kama unavyotaka," akasema.

Nilitoka kichwa kikiwa juu. Nje nikakaa kwenye ngazi, maana hapo ndipo nilipokumbuka viza yangu.

Sisi watoto wa ikama, tukitoka Saudia tunapewa viza ya kutoka na kurudi, na ina mwisho wake. Muda ukipita kabla hujarudi, mlango umefungwa. Mimi nilikuwa na tiketi mkononi ya kurudi Jeddah wiki ile ile. Kikao kijacho cha kemia kilikuwa baada ya mwisho wa viza. Nikiondoka, viza mpya ya kutoka haitapatikana upesi, sitarudi Italia kwa wakati, na bila ya somo lile bweni na chakula vinakatwa. Nikibaki, ikama inakufa, na wazazi wangu wako Jeddah, kitanda changu kiko Jeddah, sina kwengine.

Nikampigia baba simu, ile ya kutumbukiza sarafu. Nikamweleza yote mbiombio kabla sarafu hazijaisha. Nikasema, "Baba, umekasirika?"

"Alikwambia 'kwa mtu aliyetoka kwenu'?"

"Ndiyo, baba."

"Na jawabu ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua lote."

"Basi kaa usome," akasema. "Mambo ya huku niachie mimi." Simu ikakatika.

Yaliyotokea Jeddah nilisimuliwa na mama, maana baba mwenyewe hakuwa mtu wa kujisimulia. Alivaa tena ile kanzu ya Idi, akaenda dukani kwa Ami Saleh akaomba viza yangu iongezwe muda. Ami Saleh alikuwa Mhijazi wa zamani, mwenyeji hasa wa Jeddah, mtu wa haki lakini mkavu. Jambo lenyewe lilikuwa gumu, lilitaka yeye mwenyewe aende jawazat, idara ya vibali, akanidhamini kwa jina lake.

"Halas, basi," akasema. "Msichana arudi nyumbani. Amesoma miaka miwili, inamtosha."

Baba, ambaye miaka yote hakuwahi kumbishia, akabaki amesimama. Akamwambia, "Ami, yule profesa naye alimwambia inamtosha. Binti yangu akakataa. Angekuwa wa kwako akaambiwa 'kwa mtu wa kwenu hii inatosha', wewe ungemwambia aichukue?"

Mama anasema Ami Saleh aliizungusha tasbihi yake yote. Kisha akachukua shumagi yake, kile kitambaa cha kichwani, akaivaa mbele ya kioo kama anayekwenda harusini, akasema, "Yalla, twende." Wakaenda pamoja, kafili mbele na baba nyuma, na walipofika mlangoni yule mzee akamshika baba mkono wakaingia bega kwa bega.

Mimi huko nilikokuwa sikujua lolote. Nilikuwa nasoma tu. Rosaria alijifanya profesa. Alisimama jikoni na mwiko, anakaanga mabiringani, ananirushia maswali kwa ukali, na kila nikisita ananipigia kelele, "Usitafute maneno mazuri! Sema uliyonayo!" Majirani waligonga ukuta. Tukaendelea. Mwisho wa viza yangu ukafika nikiwa mezani na kitabu. Nilikwenda kutawadha, nikasali, nikalia kidogo juu ya mswala, nikarudi mezani.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa kuliko kawaida. Habari ya msichana aliyekataa maksi ilikuwa imetembea. Profesa akaniuliza swali lile lile la pili. Nikaanza. Maneno yakaja polepole kama mwanzo, na nilipomwona anasogeza mkono nikamwambia, "Naomba nimalize." Akauteremsha mkono. Nikamaliza. Akaniuliza jingine, gumu zaidi, nikalijibu. Akaniuliza la tatu, ambalo halikuwemo hata kwenye mihadhara yake, na hilo nikalijibu nusu, nikamwambia waziwazi kwamba nusu iliyobaki siijui.

"Ishirini na tisa," akasema. "Unaichukua?"

"Naichukua."

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akasimama, mzee mzima yule, akaninyooshea mkono. Mimi nikaweka mkono wangu kifuani, kama tulivyolelewa. Akaelewa. Akaurudisha wake, akauweka kifuani kwake vilevile, akainamisha kichwa. Rosaria aliyekuwa safu ya mbele akapiga mbinja mpaka akafukuzwa ukumbini.

Nilipopiga simu nyumbani, kabla sijatoa salamu mama akaniambia, "Viza yako imeongezwa, karatasi imefika ubalozi wa Saudia huko Roma. Wewe vipi?" Nikamwambia. Nikasikia kigelegele cha Kiunguja kikipenya kwenye waya ule wote mpaka masikioni mwangu.

Uwanja wa ndege wa Jeddah baba alinipokea, akanibusu kipajini, akachukua sanduku. Nikadhani ndiyo basi. Tulipoingia kwenye teksi, dereva hajageuza hata ufunguo, baba akamwambia kwa Kiarabu, "Huyu binti yangu. Walimpa maksi, akaikataa." Akamwambia muuza mikate. Akamwambia fundi viatu wa pembeni ya msikiti. Nilipofika mlangoni kwetu, mtaa mzima wa Al-Nuzha unajua habari za kemia yangu, na akina mama wametoka vibarazani. Mimi nimekwisha kupata shahada, nimefanya kazi hospitali Riyadh, kisha Jeddah mpaka nilipostaafu, nimesimama dirishani pa dawa nikiwahudumia matajiri wa Al-Hamra na wanawake wetu wa mtaa wa kimaskini wa Karantina waliokuja wakiogopa kuuliza. Heshima nyingi nimepewa. Hakuna iliyonipata moyoni kama sauti ya baba ndani ya teksi ile.

Basi mwanangu, nasikia nawe umepata nafasi Italia. Nasaha yangu ni hii. Watakaokudharau waziwazi utawajua, hao wasikushughulishe. Jihadhari na mwema anayekupunguzia kipimo kwa sababu ya ulikotoka. Mshukuru, mjibu kwa adabu, usimpandishie sauti, lakini usiichukue hidaya yake, maana ukiizoea mara moja utaanza mwenyewe kujikatia kidogo. Na ukisha kukataa, kasome. Kukataa bila kusoma ni kelele. Usilolijua sema hulijui. Mpende mwenzako wa chumbani, onja chakula chake kilicho halali na yeye aonje chako, panda treni uione nchi ya watu, usijifungie. Mwisho wa viza yako uandike pahala unapoamka ukapaona. Na jambo likikufika, wapigie wazazi wako siku ileile uwaambie kweli yote. Usiwafiche ukidhani unawapunguzia mzigo. Mzazi aliyeambiwa kweli hukuinukia hata kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuthubutu kumjibu.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie kifua na ulimi, akupe walimu wenye subira na marafiki wenye sauti kubwa. Akulinde barabarani na vyumbani, kwa unaowajua na usiowajua. Akurudishe kwetu na elimu yenye kuwafaa watu, wazazi wako wakiwa hai, wazima, wana pumzi za kutosha kukupigia vigelegele. Amin.