Barua Iliyotoka Bila Kutumwa

Miaka ile Kigoma ilipokuwa imejaa wakimbizi, nilikuwa mwalimu wa sekondari, na Jumamosi niliwaandikia barua watu waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Hakuna aliyeniajiri. Mama mmoja aliiona kompyuta sebuleni kwetu Buzebazeba akaniomba nimwandikie mwanawe. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Wengi walisema Kirundi, nami niliwaelewa kwa Kiha changu cha utotoni. Kila barua niliyoandika niliihifadhi humo humo ndani ya kompyuta. Nilidhani kutunza ni wema.

Intaneti ilipita kwenye waya wa simu ya mezani. Kompyuta ilikuwa na antivirasi ya bure, niliyopewa kwenye sidii na mwalimu mwenzangu. Chini pembeni mwa kioo ilionyesha alama ya kijani, na kila nikiiona roho ilitulia.

Siku moja baada ya shule nikakuta ujumbe wa rafiki yangu wa Tabora: “Dada, hii barua umenitumia ya nini? Huyu mama ni nani?”

Nikafungua.

Ilikuwa barua ya mjane wa Rumonge, kule Burundi. Mumewe alipouawa, mashemeji walitaka kumnyang’anya watoto wake wawili, akavuka nao mpaka. Alikuwa akiishi kijijini Simbo, kwa familia ya Waha iliyompa chumba na kipande cha shamba. Barua ilikuwa ya kwenda kwa dada yake aliyeko Bujumbura, na ilieleza kila kitu: kijiji, njia, hata kanisa lililo jirani na nyumba. Wakati naiandika alinishika mkono akasema, “Mwalimu, isipitie Rumonge.” Haikupita. Niliichapa kwenye karatasi, akaibeba mchungaji mmoja aliyekuwa anasafiri.

Sasa kirusi cha kompyuta kilikuwa kimeichomoa kwenye hifadhi yangu na kuituma kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara wa Rumonge, aliyezoea kupokea barua za wengine na kuwasomea wenyewe dukani kwake.

Niliuvuta waya wa simu ukutani hadi plasta ikabanduka. Kisha nikasimama katikati ya sebule, sijui niende wapi.

Asubuhi yake mume wangu alinipeleka Simbo kwa pikipiki. Tulimkuta yule mama uani anamenya mihogo.

“Nimekuja na habari mbaya,” nikamwambia, “na kosa ni langu.”

Nilimweleza. Aliendelea kumenya.

“Imefika Rumonge?”

“Imetumwa. Kama imesomwa, sijui.”

“Nikumbushe tulivyoandika.”

Nikamtajia, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka. Nilipofika kwenye kanisa, akaweka kisu chini.

“Urakoze kwa kuja mwenyewe,” akasema. Ni asante ya Kirundi, na sikustahili. Angenitukana ningepumua. Kabla wiki haijaisha alikuwa amehamia Kidahwe na watoto wake, kwa ndugu wa wenyeji wake, na shamba la mihogo akaliacha kabla halijakomaa.

Kutoka Simbo sikuingia nyumbani. Nilimwambia mume wangu anishushe Ujiji, kwa fundi mmoja Mkongomani. Kabla ya vita alikuwa anafundisha fizikia Uvira; sasa alitengeneza redio na kompyuta kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga. Alikuja siku ile ile na mfuko wake wa sidii.

“Mama mwalimu, hii antivirasi, mara ya mwisho uliipa habari mpya lini?”

“Sijawahi. Tangu niiweke, mwaka jana.”

“Basi iko inatafuta wezi wa mwaka jana.”

“Lakini alama ni ya kijani!”

“Kijani inasema iko macho. Haisemi inaona.”

Alikitafuta kile kirusi akakifuta, akaiweka antivirasi upya. Nikamuuliza kama sasa yameisha. Akatikisa kichwa. Antivirasi, alisema, inakagua mafaili. Nani anaingia kwa waya wa simu na nani anatoka, hiyo ni kazi ya programu nyingine, fayawoli. Kompyuta yangu ilikuja na fayawoli yake yenyewe, lakini ile ilizuia wanaoingia tu. Anayetoka haikumuuliza kitu.

“Na barua yako,” akasema, “ilitoka.”

Alikuwa na fayawoli mbili, zote za bure. Moja ilikuwa kimya, ikiamua mambo yenyewe. Nyingine ilimuuliza mwenye kompyuta kila programu ilipotaka kwenda nje: niruhusu au nikatae?

“Weka zote mbili,” nikamwambia.

“Hapana, zitagombana, mashini itakwama. Antivirasi moja, fayawoli moja. Chagua.”

Mume wangu alitaka ile ya kimya. “Mimi sitaki kompyuta ya kunihoji kama hakimu nyumbani kwangu,” alisema.

“Ile iliyokuja na kompyuta nayo ilikuwa kimya,” nikamjibu, “na umeona.”

Nikachagua inayouliza.

Siku za kwanza nilikuwa kama mtu aliyewekewa kengele kichwani. Kila dakika kidirisha kinachomoza na jina la programu nisilolijua, nami nakataa. Nilikataa kila kitu. Barua pepe zikagoma, na antivirasi yenyewe ikashindwa kwenda kuchukua habari zake mpya, kwa sababu nayo nilikuwa nimeikatalia. Fundi alirudi akacheka sana. Akakaa nami alasiri nzima, tukisoma majina moja moja: hii ni antivirasi, iache itoke, hii ni ya barua pepe, hii siijui, kataa kwanza, tuulizie.

Siku nyingine nilirudi kutoka shuleni nikakuta mume wangu, ili asome matokeo ya mpira, ameruhusu kila kilichouliza. Tuligombana hadi jirani akabisha hodi. Sikuwa nagombana kwa ajili ya mpira, naye alijua. Mwishowe akasema, “Haya, nitakuwa nakuuliza,” na kweli akawa ananiuliza.

Mfanyabiashara wa Rumonge alijibu baada ya wiki tatu. Alisema zilimfikia barua nyingi zisizoeleweka kutoka kwangu, akazifuta zote bila kuzisoma. Nilisoma jibu lile mara nyingi, nikitafuta mahali anapodanganya.

Kisha nikazifuta barua zote nilizokuwa nimezihifadhi. Tangu hapo, barua ikishapelekwa, niliifuta mbele ya macho ya mwenye barua.

Mihogo ilipokomaa, wale Waha wa Simbo waliichimba wakampelekea yule mjane Kidahwe magunia mawili. Baadaye mwenyewe akaja Buzebazeba. Mchungaji alikuwa amerudi na jibu la kuandikwa kwa mkono: dada yake alipata kazi kwenye ofisi yenye kompyuta. Mjane alitaka kumwandikia kwa barua pepe, safari hii bila kutaja kijiji. Nilipobonyeza kutuma, kidirisha kikachomoza.

“Inasema nini?”

“Inauliza kama barua ipite.”

Akaniomba nimsomee barua tena tangu mwanzo. Nikamsomea. Akaniambia nitoe jina la mtoto mkubwa. Nikalitoa.

“Iende,” akasema.

Dada yake alijibu siku ya nne, na kabla ya mwaka kwisha alikuja kwa meli. Walikaa pamoja Kidahwe wiki moja. Amani ilipopatikana kwao, mjane akarudi Burundi, si Rumonge bali Bujumbura, na watoto wote wawili. Mashemeji hawakuwahi kufika Simbo. Kama ni kwa sababu ile barua haikusomwa, au ilisomwa na mtu akaamua kunyamaza, sijui mpaka leo.