Boti Iliyotangulia Mahongole

Makambako ina kila kitu. Ina upepo wa kuezua mabati, ina malori ya Zambia na ya Songea, ina mbao, ina viazi, ina maparachichi ambayo siku hizi yanapanda ndege kuliko watu. Maji ya kupigia makasia ndiyo haina. Kwa hiyo Ema Nyagawa, binti wa mzee Yoramu wa Mahongole, pembeni ya mji, alipoanza kusema kwamba anashindana kupiga makasia, watu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza anafundisha shule gani.

Ualimu ndio uliompeleka Mwanza. Alikwenda chuo, akakuta kando ya ziwa klabu ndogo inayotafuta wasichana warefu wenye mgongo. Mgongo Ema alikuwa nao. Mama yake, Beatrisi, ni Mkinga wa Matamba, na alimlea kwenye matuta ya viazi, jembe mkononi tangu darasa la tatu. Kocha Anania alimketisha kwenye boti nyembamba ya mtu mmoja, akampa makasia mawili, akamwambia vuta. Siku hiyo alipinduka mara nne, akanywa maji ya ziwa hadi akatosheka, na akarudi bwenini akicheka peke yake. Alikuwa amependa, na mapenzi hayo yalidumu miaka kumi na moja.

Yalimfikisha Uganda, Misri na Afrika Kusini, na jezi ya taifa mgongoni. Medali hakuwahi kupata. Misri aliambulia nafasi ya nne, akalia chooni nusu saa, akanawa uso, akarudi Mwanza kusahihisha madaftari. Kila likizo alikwenda nyumbani, na kila likizo baba yake alimuuliza habari za mvua za huko, za wanafunzi, za mwalimu mkuu. Habari za maji hakuuliza hata siku moja. Hakuwa na ubaya, mzee wa watu. Hakujua tu aanzie wapi. Lakini Ema ilimuuma. Alitamani medali moja tu, aiweke mezani, baba aishike na kusema, hebu nieleze. Hamu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Mwaka huu walikwenda Tunisi, kwenye mashindano ya Afrika. Asubuhi ya fainali, wakinywa chai, Anania alimwambia bila kuzunguka: "Mwalimu, wewe sasa una miaka thelathini na nne. Mwakani tunachukua wasichana wadogo. Leo ndiyo ya mwisho." Ema alishukuru, maana kocha hakumficha. Akaingia majini, akavuta kuliko alivyowahi kuvuta, akawa wa sita. Boti zilikuwa sita.

Nyumbani alipiga simu akasema, "Nimemaliza salama, baba," akaishia hapo. Hapo ndipo alipokosea. Kisha akamtumia mdogo wake Rejoice picha ya fainali iliyopigwa kutoka ufukweni, kwa sababu ndani ya picha ile makasia yake yalikuwa yamenyooka vizuri mno, na alitaka mtu mmoja aione.

Sasa, mpiga makasia huketi kinyumenyume. Mgongo ndio unaotangulia, na uso unaangalia kule alikotoka. Mahongole nani angejua hilo? Mzee Yoramu alichukua simu ya Rejoice, akavaa miwani, akaona wasichana sita wote wametazama kushoto, na kule kushoto kabisa, mbele ya wote, ameketi binti yake. Katika maisha ya mzee, ng'ombe, lori na bibi harusi wote huenda wanakotazama. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikwenda mjini Makambako, kwa wale wanaochapa mabango ya harusi, akaagiza bango la mita tatu lenye picha ile.

Ema aliposhuka kwenye basi Jumamosi na kufika nyumbani, alilikuta limefungwa kwenye nguzo mbili za mti wa msindano: HONGERA EMA, BINGWA WA AFRIKA.

"Kamwene, bingwa!" jirani alimsalimia kwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara.

Baba yake alikuwa amevaa koti la suti mchana kweupe. Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu, akampeleka kwa mgeni mmoja mmoja. "Huyu ndiye. Mwangalieni alivyowaacha." Ema aliwapa wote mkono. Kwa kweli sifa ile ilikuwa tamu. Alikuwa ameitamani mno hata akajiruhusu kuila kidogo, kama mtu anayeonja mboga isiyo yake jikoni. Mwakani asingekuwa na boti ya kuufanya uongo ule uwe kweli. Lakini kama angenyamaza, baba angezeeka na furaha yake, na nani angedhurika?

Jumapili mzee alimvuta mbuzi mwenyewe hadi kanisani, sadaka ya shukrani. Baada ya mahubiri mchungaji aliwaita mbele, mzee, mama na binti, akamwomba Ema aseme neno.

Ema aligeuka. Usharika mzima ulikuwa unamtazama, nyuso zote zimeinuliwa, zinamsubiri. Ndivyo aliyeshinda anavyowaona wenzake: wote wako mbele ya macho yake, wanahangaika. Wa mwisho haoni mtu. Huona maji matupu tu hadi mwisho, na kelele zote ziko nyuma ya mgongo wake.

"Nilikuwa wa mwisho," alisema. "Boti zetu zinakwenda kinyumenyume. Baba aliiona picha, nami sikumweleza. Wale mnaowaona nyuma yangu, wote walinishinda."

Mama Beatrisi alikuwa ameshaanza kigelegele; alikikata katikati. Mtu mmoja alicheka, akakohoa. Mzee Yoramu alivua miwani yake, akaikunja.

"Mchungaji," alisema hatimaye, "mbuzi nimeshamtoa. Endeleeni." Akarudi kuketi.

Mbuzi alinadiwa nje, na mnada haukuwa na shamrashamra. Njiani mzee alitangulia, wanawake wakafuata. Ema alijua amemnyang'anya baba yake kitu ambacho hatakuwa na uwezo wa kumrudishia tena, na moyo ulimuuma kuliko siku ya Misri.

Mzee alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alisimama mbele ya bango.

"Njoo," alimwita Ema. "Mlikuwa mnakwenda upande gani?"

Ema akaonyesha kwa kidole.

"Na hao wa mbele, walikuwa wanakuona?"

"Wote, baba."

"Wakakuona unakuja."

"Ndiyo."

"Na wewe huwaoni."

"Siwaoni."

Mzee aliisogelea picha, upepo ukilipigapiga bango. "Sasa unavutaje?" aliuliza. "Miguu inafanya nini? Na kiti, kimetulia au kinakwenda na wewe?"

Miaka kumi na moja Ema aliyasubiri maswali hayo, na sasa alishindwa kuyajibu kwa mdomo. Alikwenda uani, akachukua mipini miwili ya majembe, akaketi kwenye benchi lililokuwa ukutani, akiwa bado na gauni la ibada. Akakunja magoti, akanyoosha mikono, akavuta. Akarudia. Mama na Rejoice walitoka jikoni wakasimama mlangoni. Ema alivuta huku machozi yakimtiririka, kwa sababu alijua hatavuta tena kwenye maji, na alikuwa anayataka maji hayo kwa mwili wake wote.

Mzee Yoramu alivuta kigoda, akaketi mbele yake, uso kwa uso.

"Imebaki kiasi gani?" aliuliza.

"Mita mia tano, baba."

"Basi vuta," alisema. "Nakuangalia."