Uso Haukaliwi

Mafundi cherehani wa Lubumbashi wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote: uso wa mtu haukaliwi. Ukiletewa kitenge chenye picha, iwe ya askofu, ya marehemu au ya mgombea ubunge, unakitandika mezani, unakizunguka, unapima kwa macho, ndipo unakata, ili uso uangukie kifuani au mgongoni. Ukiangukia makalioni, mteja atarudi na maneno. Asiporudi yeye, watarudi ndugu wa marehemu.

Chanda alikuwa ameishika sheria hiyo kwa miaka kumi na tisa, katika kibanda chake cha bati kule Katuba, akikanyaga cherehani kwa mguu wa kulia peke yake. Wa kushoto aliunyoosha pembeni kama mtu anavyoegesha baiskeli mbovu. Haukuwa ukikunjika. Wateja wapya walidhani ni polio, naye hakuwasahihisha, kwa kuwa alikwisha kugundua kwamba watu huheshimu ugonjwa kuliko wanavyoheshimu habari za mpira.

Mpira hakuuzungumzia. Jumapili, mashabiki wa FC Nyundo walipopita barabarani na ngoma zao na jeneza la mbao lenye jina la timu pinzani, alifunga nusu ya mlango na kuongeza kasi ya mashine. "Wanazika hewa," alimwambia siku moja mwanamke aliyekuwa akijaribu gauni.

Mwaka huu Nyundo ilipanda daraja. Ilipata mdhamini, ikapata basi lenye vioo vyeusi na jezi zilizoshonwa mbali. Na kama ilivyo kwa mtu aliyetajirika ghafla, ilipomaliza kununua viti ikataka kununua ukoo. Ndipo komite ya mashabiki ilipokumbuka kwamba kulikuwa na watu waliowahi kuiokoa klabu, na kwamba baadhi yao walikuwa hai.

Walikuja wawili, Alhamisi moja ya Oktoba, maua ya jakaranda yakioza njiani. Sylvain, rais wa mashabiki, mwanamume wa miaka thelathini, alikuwa na skafu ya sufu shingoni katika joto lile. Lydie, katibu wake, alikuwa na daftari.

"Papa Chanda," Sylvain akasema, "tumekuya kukuomba ruhusa. Tunataka kukuheshimu."

"Heshima inaombewa ruhusa?"

"Ndiyo, papa, njo vile. Tutafanya fete kubwa pale uwanjani. Bale bachezaji bote ba Likasi. Bale balijitoa juu ya klabu."

"Siku ile ulikuwa na miaka ngapi?"

"Munane, papa."

"Na mudomo ulikuwa nao?"

Sylvain akacheka. "Nilikuwa nao."

"Basi uliimba."

Sylvain akaitazama skafu yake. Lydie akaandika kitu daftarini, labda tarehe.

Habari ya Likasi ilikuwa hivi. Miaka ishirini na miwili iliyopita Nyundo ilikuwa maiti inayosubiri kuzikwa. Rais wa klabu alikuwa amevuka mpaka wa Kasumbalesa na hakurudi. Mara mbili timu ilishindwa kufika uwanjani, na mara ya tatu ligi ingeifuta kabisa. Mara ya tatu ilikuwa Likasi. Kulikuwa na lori la makaa lililorudi huko tupu alfajiri, na wachezaji wanane wakapanda humo, wakakaa juu ya vumbi jeusi. Wa tisa, kapteni Désiré, alipakia mfuko wake, kisha akaushusha na kusema ana homa. Jioni ile alionekana Makomeno kwenye arusi, na homa yake ilikuwa ikicheza vizuri sana.

Timu inaweza kucheza ikiwa na watu wanane, hata saba. Ikibaki na sita, refa anaikatisha mechi, na ligi huhesabu kama haikufika. Mwanzo wa kipindi cha pili, wakiwa wamekwisha kufungwa manne, Mwenya alipewa kadi nyekundu, wakabaki saba. Dakika ya hamsini na nane mguu wa Chanda ulivunjika. Waliokaa upande wa pili wa uwanja walisema waliusikia.

Golikipa, Sudi, alitoka golini mbio, akapiga magoti, akamtazama usoni. Hakumuuliza kama anaumia.

"Wakikubeba nje tumekwisha," alimwambia. "Simama. Mimi niko."

Akamburuta hadi kwenye mlingoti wa goli, akamsimamisha, akamwambia aukumbatie. Dakika thelathini na mbili Chanda aliukumbatia mlingoti ule, mguu ukining'inia. Kila alipoanza kuzimia, Sudi aliliacha goli lake wazi na kuja kumshika kwapani, akimuuliza jina la mama yake, jina la mtaa wake, jina la msichana aliyemtaka. Mipira ikapita nyuma yao. Goli la tano, la sita, la saba. Sudi hakugeuka hata kuyatazama. Tisa kwa sifuri, kipyenga, na klabu ikawa hai.

Mashabiki waliwasubiri kwenye maegesho ya malori. Walikuwa wamesikia matokeo tu, na shabiki akishasikia matokeo hana tena haja ya masikio. Walirusha mifuko ya plastiki ya maji, na mingine haikuwa na maji. Walikuwa tayari na wimbo: *Tisa, Tisa, mikono ya mafuta.* Chanda, amelala juu ya vumbi la makaa na mguu umefungwa kwenye ubao, aliusikiliza wote. Tangu jioni ile Sudi hakuwa tena Sudi. Alikuwa Tisa sokoni, Tisa hospitalini, Tisa hata mlangoni pa msikiti. Alipozikwa, miaka sita iliyopita, mtu fulani nyuma ya kaburi alisema, bila ubaya wowote, "Basi, Tisa amekwenda." Klabu haikutuma hata mtu mmoja.

"Nitakuya," Chanda aliwaambia wale wawili sasa. "Kwa neno moja tu. Sudi awe wa kwanza, na jina lake mulitaje lote mbele ya bantu. Sudi Idrissa. Lingine sitaki kulisikia."

"Papa, jina iko tayari kwa daftari," Lydie akasema. "Tunaomba tu foto yake. Komite inatengeneza kikwembe, kitenge ya sura zenu zote."

Picha ilikuwa kwa Djamila, mjane wa Sudi, aliyeuza vitumbua karibu na soko. Alikuwa nayo moja tu, ya siku ya ndoa, Sudi akiwa na kofia nyeupe na macho ya mtu asiyeamini bahati yake. Aliipangusa kwa upindo wa nguo kabla ya kumpa Chanda.

"Hawa bantu bana haya?"

"Haya hawana," Chanda akasema. "Lakini bana kipaza sauti."

Djamila akageuza kitumbua, akafikiri. "Adija wetu anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Ndugu ya bwana yake banasema banachukua binti ya Tisa. Hawasemi kwa matusi, shemeji. Banafikiri njo jina yetu. Nitabaleta pale uwanjani, basikie baba yake alikuwa nani. Ukinidanganya, usinunue tena kitumbua hapa."

Siku ya sherehe Chanda alinyoa ndevu na kuvaa suruali aliyoishona mwenyewe, mguu wa kushoto mpana kidogo. Mlangoni pa uwanja Lydie alimpa shati la kitenge cha komite. Lilikuwa limeshonwa na fundi wa mjini, na kwa jinsi alivyolishona, ni afadhali wangempa mbuzi alitafune. Uso wa Désiré, mkubwa kuliko zote, ulikaa katikati ya kifua. Uso wa Chanda mwenyewe alikuja kuupata kwapani. Akainua mkono, akajitazama. Sudi alikuwa chini kabisa, na maandishi yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamemezwa na pindo.

"Désiré anafanya nini kwenye kikwembe?" aliuliza.

"Yeye njo alikilipia, papa."

Désiré alikuja kutoka Golf, mtaa wa matajiri, na gari lililosimama juu ya majani. Alikuwa amenenepa mpaka kwenye vidole. Akawakumbatia mmoja mmoja wale wanne waliokuwapo kati ya wanane, Mwenya akiwa mmoja wao, akimwambia kila mtu, "Tumeteseka, ndugu yangu, tumeteseka," na mashabiki waliosimama karibu wakafuta machozi. Walikuwa mabingwa wa kulia. Miaka ishirini na miwili walikuwa wakitafuta mtu wa kumlilia, na sasa mtu amepatikana, mnene na mwenye gari.

Kisha wakatandika kitenge.

Kumtandikia mtu nguo chini akanyage ni heshima ya zamani. Hufanyiwa bibi arusi, hufanyiwa mgeni mkubwa. Wanawake hufungua vitenge vyao vya juu na kuvilaza vumbini, navyo vina maua, ndege, mafeni. Kuchapa sura za watu kwenye nguo ni heshima nyingine, ya juzi. Watu wa Nyundo walikuwa na heshima zote mbili, wakazipenda zote mbili, na hakuna kichwa hata kimoja katika komite nzima kilichosimama kufikiri itakuwaje zikikutana. Mita kumi na mbili za nyuso zikalala chini, kutoka mstari wa pembeni hadi kwenye jukwaa.

Désiré alitangulia. Viatu vyake vilikuwa vya ncha. Alimkanyaga Mwenya, akamkanyaga Chanda, akaikanyaga kofia nyeupe ya ndoa, na kila baada ya mita moja akaikanyaga tena, kwa kuwa kitenge hurudia picha zake. Juu jukwaani mwenye kipaza sauti akaita, "Na mwendazake, golikipa ya damu, Sudi Tisa!" Uwanja mzima ukasimama na kuimba. Wimbo ulikuwa uleule. Vijana waliuimba wamefumba macho, mkono kifuani, wakidhani ni sifa.

Chanda akatafuta kwa macho upande wa wanawake. Djamila alikuwa ameuvuta mtandio mpaka mdomoni. Kando yake walikaa wajomba wawili wa bwana arusi, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, na mmoja, kwa adabu tu, alikuwa akifuata wimbo kwa mguu.

Akainamisha macho. Mbele ya kiatu chake alikuwa Sudi, na hapa hakukuwa na pindo la kuficha maandishi: SUDI TISA.

"Papa, kanyaga," Sylvain alimnong'oneza. "Iko heshima."

"Ya nani?"

"Ya kwenu, papa."

Chanda akashuka kwa goti la kulia. Mguu wa kushoto aliunyoosha pembeni, kama kazini. Akashika ncha ya kitenge, akaanza kukikunja, mkunjo kwa mkunjo, akijivuta mbele kila mara kama mtu anayefyeka. Mashabiki wakapiga makofi. Walidhani ndivyo wazee wanavyofanya. Mwenya akaja akapiga magoti upande wa pili, na makofi yakazidi. Wakakunja hivyo mpaka wakafika kwenye viatu vya ncha, vilivyokuwa bado juu ya nguo.

"Shuka," Chanda akasema.

Désiré akainama, tabasamu bado usoni kwa ajili ya wapiga picha. "Chanda, ndugu yangu, bantu banatutazama."

"Uko na homa? Shuka."

Désiré akashuka, akasimama vumbini.

Chanda akaenda na furushi lake kwapani, akachechemea hadi jukwaani, akanyoosha mkono apewe kipaza sauti. Alipewa kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kumnyima.

"Anaitwa Sudi Idrissa," akasema. "Magoli matano yalipita kwa sababu mikono yake ilikuwa imenishika mimi. Ninyi mulimwita Tisa, na leo mumemwita tena. Njo hayo tu."

Watu wakageuka kumtafuta mwenye kosa kwenye safu ya nyuma yao. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wote wakapiga, kwani wale hupigia makofi chochote kinachokwisha. Na ngoma zikaanza tena. Wimbo uleule, tuni ileile, ila sasa walikuwa wakisema *Idrissa, Idrissa*, mkono kifuani, machozi mapya, kana kwamba ndivyo walivyoimba tangu mwanzo.

Wale wajomba wawili waliinuka na kumpa Djamila mkono, mmoja baada ya mwingine. Yule aliyefuata wimbo kwa mguu akamuuliza kitu, naye akajibu kwa kirefu. Chanda alipofika na furushi, alimkuta bado anajibu.

"Bapumbavu," Djamila akamwambia alipomaliza, akielekeza kidevu uwanjani. "Lakini bana sauti."

Jumatatu Chanda alikitandika kitenge mezani. Akakizunguka, akapima kwa macho. Nyuso za Sudi zilikuwa kumi na mbili, na kila uso aliukata juu ya jina, akaziunga ziwe pazia la mlango kwa Djamila, kofia nyeupe kumi na mbili zikitazama barabara. Nyuso za wenzake alizikunja, akaziweka kabatini. Zile za Désiré alizikusanya, akazishona mfuko, akaujaza vitambaa vya mabaki, akauweka juu ya kigoda cha wateja.

Sylvain alikuja siku ya Jumatano. Skafu hakuwa nayo. Alisimama mlangoni, akikuna shingo.

"Papa, mukubwa Désiré anauliza kikwembe yake."

"Iko hapa," Chanda akasema bila kuinua macho kwenye sindano. "Kaa kwanza."

Sylvain akakaa.