Mlango ambao Paskazia alikataa kuufunga

Saa mbili asubuhi, Kirumba, mtaa wa soko la samaki kando ya ziwa, imekwisha kuchangamka. Chini ya dirisha wabeba samaki wanapita wakipigiana kelele za kuombana njia, na harufu ya dagaa inapanda mpaka ghorofa ya pili. Paskazia Maige hasikii lolote. Macho yake yako kwenye kompyuta, na chai yake imepoa.

"Huyu anatoka Ukerewe," anasema, akionesha mstari mdogo unaopita kwenye kioo. "Huyu ni mkata tiketi wa kivuko, pale Kamanga. Huyu sijui ni nani. Ila kuna mtu kauliza kitu, na kajibiwa. Mpaka leo nikiangalia, mwili unanisisimka."

Paskazia, mzaliwa wa Kisesa na mtoto wa wafugaji, ni fundi wa mifumo katika kampuni ndogo inayounganisha zahanati, vivuko na masoko ya samaki kandokando ya ziwa. Anatunza kile ambacho wataalamu hukiita API, yaani mlango ambao mfumo mmoja hupitia kuomba taarifa au huduma kwa mwingine. Milango yote husimamiwa kwenye jukwaa moja, linalokagua nani anagonga na kama anaruhusiwa kuingia.

Mwaka huu kampuni iliamua kuachana na jukwaa lake la zamani. Paskazia akakabidhiwa kazi ya kuhamishia milango yote kwenye jukwaa jipya, bila watumiaji kusumbuka.

"Ni sawa na kumhamisha mtu nyumba akiwa amelala," anasema, "halafu asubuhi aamke aikute sufuria pale pale alipoiacha."

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika zamu ya mlango mmoja wa zamani, ambao hakuna ofisini aliyejua unatumiwa na nani.

"Nilimwambia aufunge tu," anakumbuka mkuu wake, Masele Chenge. "Niliamini umekufa siku nyingi."

Paskazia alikuwa tayari kuufunga, mara ombi moja likapita mbele ya macho yake. Likajibiwa, likatoweka. Akaondoa mkono.

"Nilishtuka kama mtu aliyesikia kikohozi ndani ya nyumba aliyodhani ni tupu," anasema.

Alifuatilia lilikotoka ombi lile mpaka akapata namba ya zahanati moja kisiwani, upande wa Sengerema. Aliyepokea simu alikuwa muuguzi Evelina Ooko, mama anayekaribia kustaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kuna kifaa hapo kwenu kinachotuma ujumbe huku mjini?"

"Kile chenye kitufe? Ndicho ninachoitia boti ya wagonjwa. Huku simu mara ipatikane, mara isipatikane, ila kile hakijawahi kuniangusha. Kwani mnataka kukichukua?"

"Hapana, mama," Paskazia akasema. "Kitabaki hapo hapo."

Kifaa kile kiliachwa na mradi uliokwisha kufunga shughuli zake, na kilijitambulisha kwa ufunguo wa kizamani ambao jukwaa jipya halikuutambua. Kukibadilisha kulihitaji safari na vipuri visivyokuwepo. Paskazia akaamua kulifundisha jukwaa jipya liupokee ufunguo ule, kutoka kwa kifaa kile peke yake. Alijenga, akabomoa, akajenga tena, mpaka likakubali.

Siku ya kuuhamisha mlango, alimpigia Evelina asubuhi ili amwombe abonyeze kwa majaribio. Hakuwahi kumaliza sentensi.

"Mwanangu, majaribio baadaye. Nina mzazi hapa, mtoto kakaa vibaya na damu inamtoka. Nibonyeze, nisibonyeze?"

Njia ya zamani ilikuwa imeachwa wazi kama akiba, iwapo mpya ingegoma. Lakini hakuna aliyewahi kuijaribu akiba hiyo kwa roho ya mtu.

"Bonyeza, mama," Paskazia akasema.

Mstari mmoja ukatokea kwenye kioo. Ukagonga jukwaa jipya, ufunguo ukakubaliwa, ukapita. Punde jibu likarudi kutoka kwa nahodha: boti imeondoka.

"Nilikuwa humu humu ofisini," anasema Masele. "Paskazia aliinuka, akaenda dirishani, akawa analitazama tu ziwa. Na mimi nikaenda kusimama naye."

Jioni Evelina alipiga. Mzazi alikuwa amefikishwa hospitali, akapasuliwa, na yeye na mwanawe walikuwa salama.

Jumapili, alipotoka kanisani, Paskazia alikwenda hospitali kuwaona. Roza Mashimba, mama wa mtoto, alimdhania ndugu wa mumewe. Alipoelezwa habari ya milango, akacheka huku ameshika tumbo.

"Milango gani tena, dada? Mimi nakumbuka nesi alibonyeza kitu, halafu nikasikia boti."

Kisha akampa mtoto ampakate.

"Nimezoea kuona mistari," anasema Paskazia, na sauti inamshuka. "Sikujua mstari unaweza kuwa na uzito ule mikononi. Una joto. Unapiga chafya."

Ipo milango ambayo bado haijahamishwa. Paskazia ameomba azunguke kwanza visiwani, na Masele amekubali. Alhamisi atavuka kuanzia kwa Evelina, akiwa na kifaa kipya ambacho hatimaye kimepatikana, ili amfundishe pia muuguzi atakayepokea kijiti mama huyo akistaafu.

"Kila nitakapofika nitauliza swali moja tu," anasema. "Ukibonyeza hapa, unamwita nani?"