Mkono Kwanza

Siku niliyofika ofisini kwake na kompyuta yangu begani, Mama aliitazama kama mtu aliyeingiziwa mbuzi sebuleni. Hakunifukuza. Alinielekeza niiweke juu ya kabati, akanipa penseli, rula na karatasi, akaniambia nichore mistari. Nikamuuliza mistari ya nini. Akasema mistari tu.

Nilinuna, na sikuficha. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha uchoraji wa ramani, nimesomeshwa kwa kahawa ya wazazi wangu kule Iyula, na chuoni tulianza na kompyuta moja kwa moja. Nyumba ya vyumba vitatu nilikuwa naimaliza chai ikiwa bado ya moto. Sasa niko Tunduma, kwenye chumba kinachotazamana na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, navuta mistari kama mtoto wa chekechea, na mautingo wananichungulia dirishani.

Mama hakuwa mama yangu. Alikuwa Mndali wa Ileje, mwanamke wa makamo aliyeanza kuzeeka kwa heshima, aliyechora ramani serikalini mpaka akastaafu, kisha akafungua ofisi yake. Mtaa mzima ulimwita Mama, hata wafanyabiashara wa upande wa pili waliokuja kuchorewa maduka na kumsalimia kwa Kibemba. Yeye aliwajibu kwa Kibemba chake kibovu, akacheka mwenyewe kabla hawajamcheka.

Siku ya tatu au ya nne uvumilivu ulinishinda.

"Mama, siku hizi hakuna anayechora kwa mkono. Wateja wanataka kuiona nyumba kwenye simu."

"Najua."

"Sasa tunapoteza muda kwa nini?"

"Kompyuta utaitumia, mwanangu. Mkono kwanza. Kompyuta inakukubalia kila kitu. Ukiiambia mlango ufungukie ukutani, inakuchorea, tena vizuri. Karatasi inakukatalia mapema."

Basi nikaendelea. "Vuta, usisukume," alikuwa akisema nyuma ya bega langu. "Izungushe penseli unapokwenda, ncha isilike upande mmoja." Nilijifunza kwamba mstari wa ukuta uliokatwa huwa mzito, wa kitu kilicho mbali huwa mwembamba, na wa kitu kilichofichika huenda kwa vipande vipande. Nilijifunza kukwangua wino uliokosewa kwa wembe bila kutoboa karatasi. Nilikuwa nalalamika kila siku, na kila siku mistari yangu ilikuwa inanyooka zaidi, jambo lililoniudhi kwa sababu lilionyesha Mama hakukosea.

Kisha ikaja siku ya paa. Lilikuwa paa la kawaida tu, la migongo minne inayokutana juu. Mama aliniuliza boriti inayopanda kutoka kona ya nyumba hadi kileleni ina urefu gani. Nikaweka rula kwenye ramani, nikapima, nikamtajia.

"Huo ni urefu wa kivuli chake," alisema. "Hapo unaitazama kutoka juu. Kitu kinachopanda, ukikitazama kutoka juu, kinaonekana kifupi."

Akachukua bikari, akachoma ncha yake kwenye kilele, akauzungusha ule mstari mpaka ukalala sambamba na ukuta. Akaushusha kwenye mchoro wa pili, ule unaoonyesha nyumba kwa mbele, akauunganisha na kimo cha paa. Urefu wa kweli ukawa pale karatasini, mrefu kuliko nilioutaja. Nilisisimka mwili mzima. Miaka yote kompyuta ilikuwa inanipa urefu huo, nami naupokea tu, bila kujiuliza unatoka wapi. Kumbe unaweza kuushika mstari uliolala, ukaugeuza, ukakwambia ukweli wake. Sikununa tena baada ya siku hiyo, au nilinuna kidogo tu, kwa mazoea.

Baada ya miezi kadhaa kompyuta ilishushwa kabatini. Kazi za wateja nikawa nazifanya mimi, Mama anakagua. Kazi moja tu hakuniachia.

Kijijini alikozaliwa, kwenye vilima vya juu ya Itumba, waumini walikuwa wanataka kujenga kanisa jipya. La zamani, alimobatiziwa, lilikuwa linavuja hata mvua ikiwa ya manyunyu. Walimwomba yeye awachoree, naye alikubali kwa furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo kwa kazi yoyote ya mjini. Kule kila Jumapili baada ya ibada kina mama walikuwa wanashuka mtoni na kupanda na mawe ya msingi kichwani. Mzee wa kanisa alikuwa anapiga simu: "Mama, mawe yapo. Ramani je?" Na Mama anajibu, "Inakuja, mzee wangu."

Haikuwa inakuja. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Mwanzoni niliona sukari ikimwagika pembeni ya kikombe. Kisha akaacha kuandika mbele za watu. Hospitali walimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kwamba dawa zitapunguza lakini hazitaondoa. Aliniambia hayo akiwa amekalia mkono wenyewe, kama anayemzuia mtoto mtundu.

Mzee wa kanisa akapiga tena, safari hii kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. Fundi alikuwa tayari. Kijana mmoja alikuwa amewapatia ramani ya kanisa kutoka mtandaoni, nzuri, ya rangi, na kama ya Mama haitafika ndani ya wiki hiyo wataanza na ile. Wakamtumia picha ya ramani hiyo kwenye simu. Tukaitazama pamoja. Lilikuwa kanisa la mahali tambarare, lenye ngazi pana mbele.

"Pale ni mteremko mtupu," Mama alisema. "Wakiliweka hili, upande mmoja utakuwa shimoni na upande mwingine utakuwa hewani. Na hao bibi waliobeba mawe, ngazi hizi watazipandaje?"

Akaenda kwenye ubao wake, akabandika karatasi, akashika penseli. Mstari wa kwanza ulitoka kama kuku amepekua. Akaufuta. Wa pili ukawa vilevile. Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akajaribu tena, na mikono yote miwili ikatetemeka pamoja. Akaiweka penseli chini taratibu. Nilitamani kutoka nje nisione.

"Mama, niambie tu. Nitakuchorea."

"Ukichora wewe litakuwa kanisa lako."

"Si nitachora unavyosema?"

"Ukinilisha, tumbo ni langu lakini mkono umenikopesha. Hapana, mwanangu. Hili nalitaka mwenyewe."

Nje dereva wa lori alikuwa anapiga honi bila sababu, kama wanavyofanya wakichoka kusubiri. Baadaye Mama aligeuza macho akaitazama kompyuta yangu.

"Hicho kidude chako. Kinataka mkono uliotulia?"

"Hakina habari na mkono, Mama. Kinataka namba tu."

Tulianza vibaya sana. Alishika kipanya na mshale ukaruka huku na huko kwenye kioo, ukafungua vitu ambavyo hata mimi sikujua vipo, hadi tukacheka wote wawili na machozi yakatutoka. Nikakitupa kipanya pembeni. Kila kitu kinawezekana kwa vibonyezo peke yake, ila ni njia ya taabu, wengi hatuitumii. Lakini vidole vyake vilikuwa vinagonga namba moja mara mbili mbili. Nikatafuta kwenye mipangilio nikaiamuru kompyuta isisikie kibonyezo kikirudiwa haraka. Yeye naye akageuza penseli, akaegemeza kiganja kwenye ukingo wa meza, akawa anabonyeza kwa upande wa kifutio.

Akabonyeza mahali pa kuanzia. Akabonyeza urefu. Akabonyeza pembe ya mteremko. Akamaliza.

Mstari ukatokea kutoka ukingo hadi ukingo.

Mama alisogea karibu, akaupitisha kidole juu ya kioo, kidole kinatetemeka na mstari hautetemeki.

"Umenyooka," alisema kwa sauti ndogo.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza vizuri, na nimejaribu mara nyingi. Chuoni tulifundishwa kuanza na kuta. Mama alianza na ardhi, ule mteremko wenyewe, akaupa mstari mzito. Kisha akaanza kubonyeza namba, pole pole, bila kurudi nyuma. Hakuwa na mchoro wa kunakili. Hakuniuliza hesabu. Boriti zilizolala kwa mshazari alizitaja kwa urefu wake wa kweli, kichwani, macho ameyafumba kidogo, na nilipozipima kwa siri zilikuwa sawa. Nilikuwa nadhani muda wote ufundi wake uko kwenye mkono. Nilikuwa nauhurumia mkono kana kwamba ndiye Mama mwenyewe. Na sasa mkono umeharibika, umebaki wa kugonga kwa kifutio, na kanisa linatoka zima, kona kwa kona.

Mlango aliuweka upande wa juu, barabarani, bibi waingie bila ngazi hata moja. Sakafu ikashuka taratibu na kilima kuelekea madhabahu, ili aliyekaa nyuma aone juu ya vichwa vya walio mbele. Lakini paa hakulishusha. Paa lilibaki kwenye usawa ule ule kutoka mlangoni hadi mwisho. Nilidhani amekosea, nikafungua kinywa, kisha nikaelewa na kinywa kikabaki wazi. Sakafu inashuka, paa limesimama. Unaingia mlangoni paa likiwa karibu na kichwa chako kama la nyumbani kwenu, na kadiri unavyokwenda mbele linakuwa juu zaidi, hadi ukifika madhabahuni uko mdogo chini ya kitu kikubwa. Bila gharama ya tofali la ziada, maana ukuta wa upande wa chini ungefika huko hata sakafu ikiwa tambarare. Mteremko ule ule uliokuwa taabu ndio ulioinua kanisa.

Nilimwomba ruhusa. Nikaziinua kuta zake, nikalaza paa juu, nikaligeuza kanisa kwenye kioo na kuingia mlangoni mwake, kama wateja wanavyopenda. Paa likaanza kupaa. Nikamgeukia Mama nione anavyoshangaa.

Hakushangaa. Aliangalia kidogo tu, kama mtu anayehakikisha mtoto amerudi kutoka shule.

"Ndiyo," alisema. "Ndilo hilo."

Alikuwa ameshaingia humo kabla yangu, siku nyingi. Mimi ndiye niliyehitaji kuonyeshwa.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kuichapisha kwa jamaa mwenye mashine kubwa karibu na stendi. Karatasi ilitoka pana, bado ina joto. Kona ya chini kulikuwa na kisanduku cha jina la mchoraji, nacho kilikuwa kitupu. Nikamwambia turudi tuliandike jina kwenye kompyuta, litoke safi.

"Hapana. Hapo nataka kalamu."

Akaitandaza karatasi kwenye meza ya yule jamaa. Watu wa foleni walikuwa wanatazama. Nilitaka kusimama mbele yake kumkinga, akanisogeza kwa kiwiko. Akaandika jina lake. Herufi zilipanda, zikashuka, zikatoka nje ya kisanduku na kugusa msingi wa kanisa. Kwenye karatasi nzima hakukuwa na mistari mingine iliyotetemeka. Nikajifanya naangalia malori.

Mama aliupuliza wino ukauka, akaikunja ramani, akanikabidhi niipeleke kwenye basi dogo la Itumba. Kisha akaanza kutembea kurudi ofisini, haraka kuliko nilivyomzoea, akanisemesha bila kugeuka.

"Ukirudi nifungulie karatasi nyingine kwenye hicho kidude chako. Mchungaji naye anahitaji nyumba."