Neno la Siri la Mashine ya Randburg

Mwenzangu alikuwa Mkongo wa Bukavu, mpole kupita kiasi, na mimi watu wapole siwaamini. Tulikuwa na kampuni ndogo ya intaneti iliyohudumia wapangaji wa mtaa wa Bellevue, na mwaka 2018 tukaamua kuwapa pia barua pepe. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mama mmoja fundi cherehani, aliyesubiri chuo kimjibu kuhusu nafasi ya binti yake.

Tulipanga mashine mbili za kupokea barua hizo: moja mtaa wa Doornfontein, ya akiba Randburg, upande wa pili wa jiji. Ya kwanza ikifa, mmoja wetu anakwenda kuiwasha ya pili.

Mpango ulikuwa mzuri. Aliyeniudhi ni yeye. Kila Alhamisi alipotelea Randburg, na nikimuuliza, "Minaenda kuangalia tu, ndugu." Kuangalia nini, mashine iliyozimwa? Nikajisemea, huyu anatuibia wateja. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi Ijumaa moja nikabadilisha neno la siri la mashine ya akiba, nikanyamaza, na nisifiche, nilijiona mjanja.

Jumatano iliyofuata nilikuwa kwenye maombi ya kufunga. Kanisani kwetu simu huzimwa zote na kuwekwa kikapuni mlangoni, hakuna kugusa mpaka baraka ya mwisho. Nilipoichukua yangu saa tisa alasiri, nikakuta amenipigia mara kumi na saba. Mashine ya Doornfontein ilikuwa imekufa asubuhi. Alikimbia Randburg, akaandika neno tulilokubaliana, ikamkatalia.

Nilimkuta Randburg amekaa sakafuni kando ya mashine. Alinisogezea daftari ili nipate pa kuandikia neno jipya, na humo nikaona mwandiko wake: kila Alhamisi, imewashwa, imejaribiwa, imezimwa. Niliona aibu, nikaliandika neno, mashine ikafunguka.

Barua ya chuo iliingia jioni hiyo. Ilikuwa imetumwa asubuhi, ikitaka jibu kabla ya saa sita mchana siku hiyohiyo.

Kesho yake yule mama alikuja ofisini na barua ile mkononi, ameichapisha. "Bamepatia mwingine ile nafasi. Sasa mutoto yangu atafanya je? Ilikuwa nini?"

Nilifungua mdomo. Mwenzangu akaniwahi.

"Ni umeme, mama. Ilikatika. Utusamehe."

Nikaufunga. Mwaka mzima nilikuwa nikimvizia nimkamate kwa uongo. Huo ndio wa kwanza kuusikia kwake, na aliusema kwa ajili yangu.